Anayeng'oa Dalia

Kabiria, 6 Oktoba 2024

Mdogo wangu Wangu,

Huko monasterini wanakuita Sista Jasinta, na kwenye bahasha nimeandika hivyo ili barua isipotee. Humu ndani wewe ni Wangu tu.

Tunakusalimu sote. Natumaini kile kifua hakijakurudia na baridi ya huko. Kaka yetu Karanja na mkewe Jackie wako Loresho kama kawaida, kijana wao mkubwa sasa anampita baba yake kwa urefu, na Jackie anasema viatu vyake vimegeuka mitumbwi. Mimi bado niko pale dukani Adams Arcade nikipima na kukata vitambaa vya mapazia. Jumuiya walikuja kusali kwetu juzi, wakakuombea kwa jina. Mama hajambo. Anakula vizuri na rozari yake haimtoki mkononi.

Sasa nikueleze ya bustani, maana najua ndiyo unayosubiri. Mwaka huu nilikuwa na hakika altare ya parokia haitakosa maua hadi Krismasi. Dalia zilikuwa zimeshika, zile nyekundu Mama alizozileta alipokuja kuolewa, na mwaridi wa karibu na lango ulikuwa na vichipukizi vipya. Juzi nimerudi kutoka kazini nikakuta mstari mzima wa dalia umeng'olewa. Viazi vyake vyote vimekung'utwa udongo na kulazwa kando ya njia. Mwaridi nao umevutwa hadi mzizi ukaonekana. Nadhani ni fuko. Mwaka huu wamezidi, hata Carolyne, mpangaji wetu wa chumba cha nyuma, anasema amesikia ardhi ikitikisika.

Nyinyi huko mnalima bustani kubwa. Fuko mnamfanyaje? Nitarudisha vile viazi ardhini mvua ikianza.

Dada yako,
Wamucii


Monasterini, 27 Oktoba 2024

Dada mpendwa,

Amani ya Bwana iwe nyumbani kwetu. Kifua kimepona. Tumevuna mahindi, na sasa mikono yangu imekuwa kama ya Mama, ile ambayo tulikuwa tunaiogopa ikija na kitambaa cha kutuosha uso. Msalimie Karanja. Mwambie kijana akiendelea kurefuka hivyo ajifunze kuinama mlangoni.

Kuhusu fuko, sisi huchimba hadi kwenye njia yake na kutega kitanzi cha waya kwenye kijiti kilichopindwa. Pia Sista Mukonyo, mzee wetu wa bustani, hufukia majani ya mwarobaini kwenye mashimo. Sijui kama yanamfukuza au yanamkera tu. Viazi vya dalia ulivyookota uvitie majivu kwenye vidonda kabla ya kuvipanda, na uviache kivulini vikauke kidogo.

Nina swali moja. Kila barua yako, Mama huongeza mistari yake chini, na yale maandishi yake yanayopanda mlima. Safari hii niligeuza karatasi mara mbili nikitafuta. Amechoka macho? Mwambie hata neno moja linanitosha.

Majilio yanakuja, na unajua wakati huo barua tukiletewa zinawekwa hadi Krismasi. Ukichelewa kunijibu nitaelewa.

Mdogo wako,
Wangu


Kabiria, 29 Desemba 2024

Mdogo wangu,

Heri ya Noeli. Nilichelewa, kisha Majilio yakaingia, nikasema hakuna haja ya kuandika barua ikakae sandukuni.

Karanja alituletea mbuzi siku ya Krismasi, tukala na wapangaji wote. Jackie alimletea Mama sweta ya bluu, imemkaa vizuri sana. Mvua za Novemba zilikuwa nzuri. Nilipanda dalia kwa majivu kama ulivyosema, zikachipuka zote isipokuwa mbili. Nikapanda na zile daisi nyeupe kuzunguka grotto, kile kijipango cha mawe cha Bikira Maria. Kwa wiki kadhaa nilikuwa nikitoka kwenda kazini asubuhi nikiangalia nyuma kama mtu anayeacha mtoto mchanga.

Halafu zikang'olewa tena. Daisi zote. Dalia zilizokuwa zimefika magotini. Mtego wa waya haukushika kitu. Safari hii nafikiri ni mbuzi wa jirani, kwa sababu lango lilikuwa wazi. Niliyaokota na kuyaweka kwenye ndoo ya maji, lakini jua lilikuwa limeshayamaliza.

Karanja alisimama pale mlangoni na kikombe cha chai akaangalia kile kidonda cha udongo. Akasema, "Wamucii, hii kitu ya maua itatusumbua mpaka lini? Wacha nilete kabro, tuweke mawe safi kutoka gate mpaka kwa nyumba. Hakuna matope, hakuna mtu wa kuanguka." Nikamwambia hiyo bustani si yake. Akaniuliza ni ya nani. Nikaingia jikoni.

Mama anakusalimu sana. Macho yake hayako sawa siku hizi, ndiyo maana haandiki.

Wamucii


Monasterini, 19 Januari 2025

Dada yangu,

Asante kwa barua. Nimefurahi kuhusu sweta. Hapa tumemzika Sista Mukonyo. Aliugua kidogo tu akaondoka, na sasa bustani ya kanisa imeachiwa mimi. Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kiti chake.

Nimesoma barua zako zote mbili tena, moja kando ya nyingine. Wamucii, fuko hula kiazi cha dalia. Hakitoi nje akakilaza. Mbuzi hula majani akaacha mzizi. Hakuna mnyama anayeng'oa mmea, akaukung'uta udongo, akaulaza kando ya njia. Mtu mmoja ndiye aliyetufundisha kufanya hivyo, tukiwa wadogo, na akitukuta tumetupa kwekwe na udongo wake alikuwa anaturudisha kuanza upya.

Na fuko wa Kabiria amejifunzia wapi?

Niambie kweli. Ni Mama?

Wangu


Kabiria, 9 Februari 2025

Wangu,

Salamu za nyumbani. Nitaziacha hapo hizo salamu kwa sababu ukiniuliza habari ya nyumbani sasa ni hiyo moja.

Ndiyo, ni Mama.

Siku ile ya kwanza sikumwona. Nilidanganya kuhusu fuko lakini nilikuwa najidanganya mwenyewe pia. Mara ya pili nilitoka kazini mapema kwa sababu ya kichwa, nikamkuta amepiga magoti katikati ya daisi na sweta mpya ya bluu, mikono imejaa udongo hadi viwiko. Nikamwambia, "Mama, hayo ni maua yako."

Akasema, "Ni kwekwe. Zitamaliza maharagwe."

"Maharagwe gani, Mama?"

Akanitazama kama mtu anayemtazama mfanyakazi mvivu. "Wewe umetumwa kuongea au kulima? Jua linapanda."

Tulimpeleka hospitali, mimi na Karanja. Daktari ni msichana mdogo, mpole. Alimpa Mama karatasi amchoree saa. Mama alichora duara zuri kabisa, kisha akakaa na kalamu hewani, akasema hana saa, awaulize walio na saa. Daktari akatuambia ni ugonjwa wa kusahau, na hauna kurudi nyuma. Unaenda mbele tu, polepole au haraka. Karanja ndiye aliyesema usiambiwe. Alisema uko huko kusali, ukijua utashindwa hata kusali. Mimi nilikubali kwa sababu kila nilipoanza kukuandikia mkono ulikataa.

Mistari yake unayoitafuta haipo tena. Nilimpa kalamu akauliza anatakiwa kuweka sahihi ya nini.

Nitakuambia na hili, usije ukasema nilikuficha. Ile picha yako ya nadhiri iliyo sebuleni, ukiwa na shela, nilimwonyesha. Akaishika kwa mikono miwili akasema, "Sista huyu ana uso mzuri. Ni wa parokia gani?"

Kwa hiyo nakuomba kitu ambacho sijawahi kukuomba tangu uingie huko. Njoo umwone. Kuna siku chache, hasa asubuhi, ambapo anarudi. Juzi aliniita kwa jina langu na kuniuliza kama nimekula. Siku kama hizo zinapungua. Karanja ameshaongea na fundi wa kabro, anasema Pasaka ikiisha wanaanza. Njoo kabla ya Kwaresima, kabla hawajakufungia barua tena. Najua mna ukuta na sheria zenu, lakini najua pia kwamba mzazi akiwa hivi, sista anaweza kuruhusiwa. Padre wetu ameniambia.

Wamucii


Monasterini, 2 Machi 2025

Dada mpendwa,

Bwana akupe nguvu. Nimeipokea barua yako na ninamwombea Mama katika kila saa ya sala. Jumuiya yote hapa inamwombea, hata Misa ya Ijumaa ilitolewa kwa nia yake.

Nimekuwekea humu mbegu za zinia. Ni maua magumu, yanaota hata kwenye udongo uliochoka, na yakivunjwa yanatoa matawi. Usizizike sana, zifunike kidogo tu. Nilizikausha mwenyewe.

Msalimie Karanja na Jackie. Mwambie Karanja simlaumu.

Jumatano ni Majivu, kwa hiyo tutaonana kwa sala.

Wangu


Kabiria, 16 Machi 2025

Wangu,

Najua hii hutapewa hadi Pasaka. Ikae huko. Mimi nisipoiandika leo itanikaba.

Nilikuomba kitu kimoja ukanitumia mbegu.

Hukusema utakuja. Hukusema huwezi kuja. Hukusema hata umekatazwa. Ungesema umekatazwa ningekasirikia ukuta wenu na wewe ningekusamehe.

Nimeacha kazi dukani. Carolyne alikuwa akimwangalia Mama mchana, lakini Mama alifungua lango akatembea hadi Kawangware sokoni, akaletwa na mama mboga aliyemtambua. Alikuwa ameshika fungu la mizizi, anauza. Sasa nakaa naye. Usiku nisipomsikia akipumua naamka, mchana namsikia akiita mama yake.

Lori la kabro limemwaga mawe kando ya lango. Zinia zako nimeziweka kabatini.

Wamucii


Monasterini, 24 Aprili 2025

Dada yangu,

Kristo amefufuka. Nimepewa barua yako jana pamoja na nyingine za sandukuni, nikaisoma bustanini nikiwa nimesimama.

Umesema ungekasirikia ukuta. Huu ukuta haukunikataza, Wamucii. Sikuomba ruhusa.

Ulipoandika njoo, nilikwenda hadi mlango wa Mama Mkuu, nikarudi. Nikaenda tena nikarudi. Mara zote mbili nilijiambia ni kwa sababu ya Kwaresima, kwa sababu ya bustani ambayo nimeachiwa peke yangu, kwa sababu hata nikija hatanijua. Sababu ya kweli ni kwamba naogopa. Mama akinitazama kama sista wa parokia nyingine, sijui nitabaki na nini. Na akinijua, akanishika mkono na kusema nisiondoke, sijui kama nitaondoka. Hapa ninaishi vizuri mradi sijasimama kwenye lango letu. Hilo sijalisema kwa mtu hata kwenye kitubio.

Baada ya barua yako nilibisha. Mama Mkuu alinisikiliza hadi mwisho. Akaniuliza, "Tangu Februari ulikuwa unasubiri nini?" Amenipa siku chache katikati ya Mei.

Nitoleeni mbegu kabatini. Tutazipanda pamoja.

Wangu


Monasterini, 25 Mei 2025

Dada yangu Wamucii,

Nimefika salama. Asante kwa kitanda, kwa mukimo ulionipondea, na kwa kutoniuliza maswali usiku ule wa kwanza nilipokuwa nalia bafuni na kufungua mfereji ili usisikie. Najua ulisikia.

Msalimie Jackie. Yale maandazi aliyonifungia tuligawana jumuiya nzima.

Kuna jambo sikukuambia. Lilitokea ile asubuhi ulipokwenda kuchukua dawa ukaniacha naye. Ulirudi ukatukuta tumekaa juu ya mawe ya kabro, ukaniuliza kumekuwaje, nikakuambia kila kitu ni sawa. Sikuweza kulitoa mdomoni. Nitaliandika.

Mama alitoka nje ukishafunga tu lango. Alikwenda moja kwa moja kwenye zile zinia tulizopanda jana yake, ile miche niliyotoka nayo huku kwenye mkebe kwa sababu mbegu zingechelewa, akaanza kuing'oa. Nikapiga magoti nikamshika kiganja. Nikamwambia, "Mama, acha, hayo ni maua." Aliogopa, Wamucii. Alirudisha mkono kifuani kama mtoto anayengojea kofi, na macho yake yakaanza kutafuta pa kukimbilia. Sijawahi kuona Mama yetu akimwogopa mtu.

Nikamwachilia. Sikujua la kufanya, kwa hiyo nikashika mche ulio mbele yangu nikaung'oa. Nikaukung'uta udongo, nikaulaza kando. Akanitazama. Nikang'oa mwingine. Akarudi kwenye mstari wake, na tukaendelea hivyo, yeye upande wake na mimi upande wangu, hadi zinia zote zikaisha. Alikuwa anaimba kidogo kidogo, wimbo wa kupalilia ambao sikuujua. Mgongo wake ulikuwa umenyooka. Sijamwona akiwa mzima hivyo siku zote nilizokaa hapo.

Alipofika mwisho alisimama akajipangusa mikono kwenye kanzu yangu, akaniangalia usoni, akasema, "Maitu, nimemaliza mstari wangu. Naweza kwenda sasa?"

Unajua mimi nimeitwa jina la nyanya, mamake Mama. Unakumbuka kwa sababu hiyo tangu nikiwa mdogo hakuwa ananiita Wangu, alikuwa ananiita Maitu, mama yangu, na wewe ulikuwa unaona wivu. Kwa hiyo sijui. Labda aliniona mimi. Labda alimwona mama yake, na yeye ni msichana katika shamba la maharagwe lililokuwepo kabla yetu sisi sote. Nimelifikiria njia nzima kurudi huku na sijui, na hakuna wa kumuuliza.

Nikamwambia, "Nenda mwanangu. Umefanya kazi nzuri." Akaenda akakaa kwenye mawe, na nikamfuata nikakaa naye, ndipo ukarudi.

Mwambie Karanja asiweke kabro pale. Mwambie yanayong'olewa si kitu, ni kule kung'oa. Mkimfungia ardhi sijui mikono yake itashika nini.

Nilipofika huku nilisimama nje ya lango muda kabla ya kubonyeza kengele. Nilichofikiria hapo sitakiandika. Nilibonyeza.

Wangu


Kabiria, 20 Julai 2025

Mdogo wangu,

Tunakusalimu. Baridi ya Julai imetukamata, Mama anavaa sweta mbili na bado mikono yake ni barafu. Karanja ana mafua. Carolyne amehamia kwa dadake, chumba cha nyuma kiko wazi. Mimi nimeweka cherehani dirishani, nashona mapazia ya watu nikimwangalia Mama. Kazi inakuja kidogo kidogo.

Karanja alikuja na mafundi Jumamosi moja, koleo tayari. Nilimtoa kando nikamsomea barua yako, kile kipande cha Maitu. Alikwenda akasimama mbele ya Mama, Mama akamwambia kama amekuja kununua ng'ombe arudi jioni mwenye boma akiwepo. Akarudi kwa mafundi akawaambia waweke mawe kwenye kinjia tu, kutoka lango hadi mlangoni, ili asiteleze. Mawe mengine wakayapakia wakaenda nayo. Kisha akakaa ndani ya gari lake madirisha ameyafunga, kwa muda mrefu.

Nimemwambia katekista watafute maua kwingine. Siku hizi altareni kuna ya plastiki, na vumbi lake. Iliniuma Jumapili ya kwanza. Viazi vya dalia vilivyobaki nimempa mke wa Obuya, yule wa ploti ya chini, avipande kwake viwe vyake.

Bustani nimeiacha iote inavyotaka. Imejaa kishona nguo na zile nyasi za mizizi mirefu, na Mama huzing'oa kuanzia chai ya asubuhi hadi chakula cha mchana, mstari kwa mstari, anakung'uta, analaza kando. Shida ni kwamba kwenye baridi hii kwekwe nazo haziharakishi. Akimaliza anaanza kuzunguka na kutikisa lango. Kwa hiyo jioni, akishalala, mimi huchukua ndoo nikamwagilia kwekwe maji. Wangu, mimi niliyekuwa nikizing'oa kwa hasira. Jirani aliniona akauliza ni mboga gani nimepanda. Nilimwambia za kienyeji.

Juzi nilikuwa namnawisha udongo kwenye karai. Akaniuliza naitwa nani. Nikamwambia, "Wamucii."

Akafurahi. Akasema, "Hilo ni jina la mtoto wangu."

Nikamuuliza yuko wapi huyo mtoto.

"Alienda mbali," akasema. "Ni mtoto mzuri, lakini siku hizi hata haandiki."

Nilimaliza kumpangusa mikono. Nikamwambia ataandika.

Kwa hiyo nakuomba, ukitulia, umwandikie Mama barua fupi kutoka mbali. Usiweke mambo mengi. Muulize maharagwe yameendeleaje, mwambie unakula vizuri. Chini yake uandike jina langu. Mimi nitamsomea.

Dada yako